Mafunzo Niliyopata Nikitafuta Rimu na Matairi ya Kuhimili Endamarariek

Gari likishanunuliwa Dar es Salaam likaletwa Endamarariek, kinachopimwa kwanza na barabara zetu si injini. Ni magurudumu. Kiangazi kuna vumbi jekundu lililofunika mawe. Masika kuna utelezi unaoliburuta gari hadi mtaroni huku dereva ameshika usukani kwa mikono miwili. Lami ya kutoka Makuyuni hadi lango la Lodoare, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, imetuletea wageni na magari mazuri, lakini ukiiacha pale Karatu mjini ukashika njia za vijijini, unarudi kwenye kokoto na makorongo.

Mimi ni mkulima. RAV4 yangu ya mwaka 2003 hubeba mbaazi na maharage, hukimbiza mama mjamzito hospitali usiku, na Jumapili hutupeleka kanisani. Matairi yake yalipoisha nilitaka kubadilisha na rimu kwa pamoja. Kabla ya kutoa hela nikawauliza wanaoishi kwa kazi hiyo: madereva wa utalii, mafundi pancha wa Karatu, wauza rimu wa Arusha. Naandika niliyoyapata kwa sababu naona vijana wetu wengi wanatoa pesa za mavuno kununua magurudumu yasiyofaa kwa njia zetu, na gurudumu lisilofaa halimuumizi aliyelinunua peke yake.

1. Anzia kwenye kibandiko cha mlangoni

Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango. Kuna kibandiko. Gari likiwa limetoka Japani maandishi yatakuwa ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka na mtu yeyote. Changu kinasema 215/70R16. Hiyo 215 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 70 ya ule upana, yaani milimita 150.5. R inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyolazwa, zikikatiza kutoka ubavu mmoja hadi mwingine; ni mtindo ambao Michelin waliusajili mwaka 1946, na leo karibu kila gari dogo linautumia. 16 ni kipenyo cha rimu, na hiki hupimwa kwa inchi. Milimita, asilimia na inchi zimebanana kwenye mstari mmoja, ndiyo maana watu huishia kukariri namba ya mwisho tu: "Mimi navaa kumi na sita." Kumi na sita peke yake haijasema kitu.

Kibandiko hichohicho kinataja upepo, kwa kilopaskali. Ukikuta 220, hiyo ni kama pauni 32 kwenye geji ya fundi.

2. Ubavu wa tairi ndio unaokufikisha nyumbani

Rimu kubwa inapendeza, sibishi. Arusha nilionyeshwa seti ya inchi 18, nyeusi, pembeni zimechongwa zikang'aa, na muuzaji akanihakikishia kwamba zitaingia. Kweli zingeingia. Lakini gari haliongezeki nafasi kwenye madgadi kwa sababu umenunua rimu kubwa. Kila inchi inayoongezwa kwenye rimu inachukuliwa kutoka kwenye ubavu wa tairi. Ukivalisha rimu ya 18 tairi la 235/50, ubavu unabaki milimita 117.5. Umepoteza milimita 33 za mpira na upepo, na hizo ndizo zilizokuwa zinapokea pigo la jiwe kabla halijafika kwenye chuma.

Fundi mmoja wa Karatu alinipa tairi la Harrier lililovuliwa asubuhi ile, la ubavu mfupi. Kwa nje lilikuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri, karibu jipya. Akalifungua kwa mikono miwili ili nione ndani. Kulikuwa na michaniko miwili mifupi inayotazamana, mmoja karibu na ukingo unaokaa kwenye rimu, mwingine juu yake, vidole viwili kati yao. "Jiwe limeukunja ubavu ukabanwa na rimu," akasema. "Hapa hakuna kiraka, mzee wangu. Hili ni la kukatia kandambili." Nikapitisha kidole: nyuzi zilikuwa zimekatika na kufumuka. Rimu yenyewe aliigeuza juani, akanionyesha ukingo wa ndani ulivyopinda mahali palepale. Mwenye gari alikuwa amekaa kwenye benchi, anapiga simu kutafuta tairi lingine la inchi 18 Karatu nzima.

Ukitaka ushahidi zaidi, simama kando ya lami pale Karatu asubuhi, magari ya utalii yanapopanda kwenda Ngorongoro. Kushuka kreta kunaruhusiwa kwa magari ya kuvuta magurudumu yote manne tu, na magari hayo yanafanya kazi ngumu kuliko yetu. Tazama Land Cruiser zile ndefu: nyingi zina rimu za inchi 16, za chuma, na tairi nene la ubavu mrefu. Kampuni za utalii zina uwezo wa kununua rimu ya ukubwa wowote. Zimechagua ubavu.

Ubavu mrefu una gharama yake, na si haki kuificha. Kwenye zile kona za kupanda kutoka Mto wa Mbu, gari lenye ubavu mrefu linayumba kidogo zaidi na usukani unachelewa kujibu. Kama maisha yako ni lami ya Karatu na Arusha, na kijijini unafika Krismasi tu, inchi 17 yenye tairi la 225/60 haina ubaya: ubavu wake ni milimita 135 na kimo cha gurudumu zima hakibadiliki hata kwa asilimia moja. Mimi nilibaki na 16.

3. Kimo cha gurudumu zima kisihame

Huu ndio usemi niliousikia kwa kila fundi aliyejua kazi: usizidishe wala usipunguze kipenyo cha gurudumu zima kwa zaidi ya asilimia 3. Hesabu yake anaiweza mtoto wa darasa la sita. Chukua ubavu, zidisha kwa mbili (wa juu na wa chini), ongeza kipenyo cha rimu, ambacho ni inchi mara milimita 25.4. Kwa 215/70R16 unapata 301 jumlisha 406.4, sawa na milimita 707.4.

Sasa kuna wanaotaka gari liinuke, na kwa njia zetu wana hoja. Wanaambiwa wavae 225/75R16. Hesabu inatoa milimita 743.9, zaidi ya asilimia 5 juu. Gari linainuka chini ya sentimita 2, kwa sababu nusu tu ya ongezeko inakwenda chini ya ekseli. Malipo yake? Ukikata kona kali tairi linasugua madgadi. Mlimani injini inalemewa, kwa sababu gurudumu kubwa ni sawa na kulipandisha gari gia. Na mshale wa spidi unaanza kusema uongo: ukisoma 50 pale kwenye kibao cha 50, gari linakwenda karibu 53. Askari wa usalama barabarani ana tochi yake, hasomi mshale wako, na faini utailipa wewe.

Kwa gari la kuvuta magurudumu yote manne kuna jambo moja zaidi. Matairi yote manne yawe na kimo kimoja, na ikiwezekana uchakavu mmoja. Mawili mapya mbele na mawili vipara nyuma huzunguka kwa mwendo tofauti, na tofauti hiyo inamalizwa ndani ya gia za katikati, zikichemka na kusagika kimyakimya hata kwenye lami iliyonyooka. Spea nayo iwe ya kimo hichohicho. Nimeona RAV4 imebeba spea ya gari dogo mlangoni, inafika mbali, lakini boksi lake linajua.

4. Matundu matano kukubaliana hakutoshi

Hapa ndipo hatari ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Rimu huwa na matundu ya stadi, na matundu hayo yamepangwa kwenye duara. Kwa RAV4 yangu ni 5x114.3: matundu matano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3. Noah ni hivyohivyo. Nissan X-Trail pia. Subaru Forester nyingi za mtumba ni 5x100, IST za kwanza ni 4x100, Prado ni 6x139.7. Wauzaji wengi huishia hapo: matundu yamekubali, biashara imekwisha.

Tazama tundu kubwa la katikati. Kwenye Toyota yangu kitovu cha ekseli kina milimita 60.1, na rimu ya kiwandani inakikumbatia bila nafasi. Rimu ya Nissan ina tundu la 66.1. Ukiifunga kwenye Toyota, stadi zitaingia vizuri, nati zitakaza, lakini kitovu kitaelea ndani ya tundu lenye nafasi ya milimita 3 kila upande. Gurudumu likifungwa likiwa limeegemea upande mmoja hata kidogo, usukani utatetemeka ukifika 80, na mtu atapeleka gari kwenye balansi kila wiki akidhani tatizo ni risasi za balansi. Dawa yake ni ringi ya kuziba nafasi hiyo, yenye 66.1 nje na 60.1 ndani. Ni kitu cha bei ndogo. Ulizia kabla hujaondoka dukani. Kinyume chake hakina dawa: rimu ya Toyota haiingii kwenye kitovu cha Nissan, na mtu akikuambia ataichonga, chukua rimu zako uende.

Kisha kuna ET, herufi mbili zilizochapwa mgongoni mwa rimu zikifuatwa na namba. Zinaeleza umbali kati ya mstari wa katikati wa rimu na sehemu inayogusa kitovu, kwa milimita. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani ya gari. Ikiwa ndogo, linatoka nje. Vijana wanapenda litoke nje, gari lionekane limetanua miguu. Ukitoa rimu ya ET35 ukaweka ya ET10 yenye upana uleule, gurudumu limesogea nje milimita 25. Uzito wa gari sasa unaivuta beringi kwa upande, usukani unakurupuka kila ukikanyaga shimo, na wakati wa masika tope lote linapakwa milangoni na kwenye vioo. Spesa, zile za kuweka kati ya kitovu na rimu, zinafanya madhara hayohayo. Kwenye mzigo na makorongo ya kwetu, sizishauri.

Mwisho, nati. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Rimu nyingi za dukani zinataka nati yenye ncha ya mgongo wa pia, inayokaa kwenye kishimo cha umbo hilohilo. Ukibadilisha rimu ukabaki na nati za zamani, nati inagusa kipande kidogo tu cha tundu. Leo imekaza, kesho imelegea. Na uzi wa nati uulizwe: Toyota ndogo ni 12x1.5, Nissan na Subaru ni 12x1.25. Nati ya mmoja huuma nyuzi za kwanza za stadi ya mwingine kisha inagoma, na fundi mwenye haraka akiilazimisha kwa bomba refu ameua stadi.

5. Rimu ya aloi ina cheti chake mgongoni

Rimu ya chuma ikipinda, inagongwa ikanyooka, mara nyingi hapohapo kijijini. Ya aloi ni nyepesi na inapoza breki vizuri, lakini ikipigwa sana inapasuka, na ikichomelewa joto la moto linaharibu ugumu iliopewa kiwandani. Inaweza kushika upepo, ukashukuru, kisha ikaachia ukiwa mwendo wa 90. Mimi siwezi kumpandisha mtoto wa mtu kwenye gari lenye rimu ya kuchomelewa.

Ukinunua aloi ya mtumba kutoka Japani, igeuze utafute alama za JWL na VIA zilizochapwa kwenye chuma chenyewe. JWL ni kiwango cha Japani cha nguvu za rimu za aloi, na VIA huonyesha kwamba imesajiliwa baada ya kupimwa. Gongagonga kwa fundo la kidole pande zote usikilize: penye ufa mlio hufifia. Isafishe ukingo wa ndani, maana huko ndiko wauzaji wanakozidisha rangi.

6. Soma umri wa tairi, na jihadhari na la theluji

Zamani Arusha ilikuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre, kilichoanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kusimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Wazee wa kwetu bado wanayasifu matairi yake. Leo tunategemea yaliyovuka bahari, na mengine yamekaa stoo za nchi mbili au tatu kabla ya kutufikia. Ubavuni, mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likikaa miaka mingi linakauka hata kama halijawahi kukanyaga ardhi. Likunje kidogo kwa gumba utaona mipasuko midogo kati ya kashata. Kwetu tairi la miaka 8 lenye kashata ndefu linanitia wasiwasi kuliko la miaka 3 lililolika nusu.

Magari ya mtumba kutoka Japani mara nyingi yanakuja yamevaa matairi ya baridi. Yana neno STUDLESS ubavuni na kashata yenye mikato mingi myembamba kama mkate wa kukatwa vipande. Mpira wake ni laini makusudi, ushike barafu. Ukiyateremsha kwenye joto la Mang'ola saa nane mchana yanalika upesi, na kwenye lami yenye joto gari linateleza kidogo kila ukishika breki. Watu wanayapenda kwa sababu yanaonekana kama ya tope. Kwa tope la mfinyanzi ile mikato myembamba inajaa kabla hujamaliza kilima. Tafuta kashata yenye vitalu vikubwa na mifereji mipana inayotema tope.

7. Mzigo

Baada ya ukubwa kuna namba na herufi, mfano 99S. Namba ni uzito ambao tairi moja linaruhusiwa kubeba: 99 ni kilo 775, 95 ni kilo 690. Herufi ni mwendo wa juu, S ikiwa km 180 kwa saa, ambao hapa hatuuhitaji. Mzigo ndio tunaouhitaji. Ukishuka kutoka 99 hadi 95 umepunguza kilo 85 kila gurudumu, kilo 340 kwa gari zima. Hizo ni gunia tatu na zaidi, na tunajua lumbesa la kwetu haliishii kilo 100. Muuzaji atakuambia saizi ni ileile, na atakuwa sahihi. Muulize namba hiyo.

8. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi

Asubuhi, kabla gari halijatembea. Tairi likishapata moto geji inapanda pauni kadhaa, na ukipunguza hapo umelifunga mkanda wa njaa hadi kesho. Kwenye tope zito napunguza kidogo ili lipate kukanyaga kwa upana, na nikifika lami najaza kabla ya kushika mwendo, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo linachemka ubavuni na ndilo linalobasti. Kwa hiyo nina pampu ndogo ya betri. Kati ya vitu vyote nilivyonunua kwa ajili ya magurudumu, hiyo ndiyo ninayoazimwa zaidi na majirani.

9. Kaza tena njiani

Rimu mpya ikifungwa, rangi na vumbi vilivyobanwa kati yake na kitovu husagika gari likianza kutembea, na nati zinabaki zimelegea bila mtu kuzigusa. Kwa hiyo hukazwa tena baada ya km 50 hadi 100. Nikifungiwa Arusha nasimama Makuyuni, ambako ni kama km 80, kabla ya kushika barabara ya Karatu. Nakaza kwa kuruka nati moja moja, si kwa kufuata duara, na kwa Toyota ndogo kipimo ni nyutonimita 103. Fundi mwenye spana ya kupimia ni wa kumtunza. Asiye nayo akae mbali na bomba refu. Hapohapo nagusa kitovu cha kila rimu kwa mgongo wa mkono. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, siendelei na safari mpaka nijue kama ni breki inayoshika au beringi inayokufa, kwa sababu mbele yangu kuna mteremko na kona za Rhotia, na nyuma ya gari kuna watu.